Siku niliyokwenda kwa wakili na risiti nyeupe

Risiti zilikuwa ndani ya pochi ya zamani ya plastiki, ile niliyobeba siku ya ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza, na pochi ilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo. Saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Nilizitunza kwa sababu mama yangu alinikanya tangu utotoni nisitupe karatasi yenye namba. Asubuhi ya kwenda kwa wakili nilizimwaga kitandani nizipange kwa miaka, na nusu yake zilikuwa nyeupe. Ukizisogeza dirishani unaona kivuli cha herufi, basi. Zilizoandikwa kwa kalamu ya Bic zilisomeka vizuri. Zilizofutika ni za mashine ya EFD (ile ya risiti za kielektroniki), zile nilizokuwa najivunia kwa sababu zina jina la duka na tarehe. Karatasi ile haina wino, inachapwa kwa joto, na kadiri miaka inavyokwenda maandishi yanapauka. Pochi ya plastiki huyamaliza haraka zaidi. Wewe unayejenga leo, toa kopi jioni hiyohiyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Nilifunga ndoa kanisani mwaka 2011, tuna watoto watatu, nyumba Nkuhungu na ekari moja ya zabibu Mpunguzi. Kwa nini ndoa ilifika ilikofika sitaeleza sana, maana baba wa watoto naye ana ndugu wanaosoma. Nataka kueleza siku ile moja ya kukaa mbele ya wakili, na mambo ambayo ningeyajua kabla nisingepoteza zaidi ya nusu mwaka.

Kwanza nilipotea njia. Jirani alinielekeza kwa kijana mmoja mwenye kompyuta na printa, anaandika barua, mikataba, wasifu wa kuombea kazi, na anafunga tai hata jua la Oktoba. Akasema kwa elfu themanini ataniandikia madai ya talaka na kuyapeleka mahakamani. Nikalipa. Karatasi ilipotoka nikaisoma nikiwa kwenye daladala: nina watoto wanne, ndoa yangu ni ya Kiislamu, na naishi Ihumwa. Alichukua madai ya mama mwingine akabadilisha majina ya juu tu. Vishoka wa namna hiyo wapo kila mji, na mtu mwenye uchungu hachungulii vyeti. Baadaye nilionyeshwa kuwa Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni. Unaandika jina la wakili, unaona kama ameandikishwa na kama leseni yake ya mwaka iko hai. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi ilinigharimu elfu themanini.

Wakili wa kweli nilimpata kupitia mama mmoja ninayemshonea. Ni mwanamke wa makamo, ofisi ndogo, feni moja inayolia. Kabla sijakaa vizuri akaniuliza jina kamili la mume wangu. Nilishtuka, nikadhani wanafahamiana, nikashika mkoba ninyanyuke. Kumbe anataka kujua kama mwenzangu hajamtangulia pale. Angekuwa amekwishakuja na kueleza shauri lake, wakili asingeweza kunisikiliza hata kidogo.

Nilikwenda na dada yangu. Kwetu mtu haendi peke yake kwenye jambo zito, na dada ndiye aliyenifungia mlango usiku ule niliokimbilia kwake na watoto. Wakili akauliza, "Mama, mlifunga ndoa lini?" Dada akajibu. "Watoto wana umri gani?" Dada akajibu, tena kwa tarehe. "Mara ya mwisho kulala nyumba moja na mwenzako ilikuwa lini?" Dada akavuta pumzi ajibu na hilo, wakili akaweka kalamu chini.

"Dada yetu, samahani, karibu chai hapo nje. Karani atakuhudumia."

Mlango ulipofungwa akanieleza. Ninayomwambia wakili ni siri kati yangu na yeye, lakini mtu wa tatu akikaa hapo siri inaanza kuvuja. Halafu dada aliona mambo kwa macho yake, huenda akahitajika kuwa shahidi, na shahidi haifai akae akisikiliza tunavyopanga shauri. Ilikuwa busara, lakini dada alinuna mpaka Nkuhungu.

Tulikuwa na dakika arobaini. Ishirini za kwanza nilizimalizia kwa mama mkwe na mwanamke wa Singida. Sijutii kulia, ila najuta nililia kwa saa ya kulipia. Wakili alisikiliza, akanisogezea tishu, kisha akauliza:

"Haya. Unataka nini?"

"Nataka talaka."

"Hiyo nimesikia. Talaka ikishatoka, Jumatatu asubuhi unaamka wapi? Watoto wanakwenda shule gani, ada analipa nani? Vyerehani vyako viko wapi?"

Nikanyamaza. Kila siku namuuliza mteja swali lilelile. Anakuja na kitenge kizuri, anasema nishonee nguo. Nguo gani, dada? Gauni, sketi na blauzi, mkono mrefu au mfupi? Akisema "yoyote tu" najua huyu atarudi kunigombeza. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuja na kitenge bila mshono kichwani. Nilikuwa nimetayarisha mashtaka, sikuwa nimetayarisha maisha.

Kilichonitoa jasho zaidi ni tarehe. Mimi nahesabu kwa mambo: mwaka ule mvua zilikatika, kipindi kile mtoto wa pili ana surua, ile Krismasi tuliyokula bila chumvi. Wakili hawezi kuandika Krismasi bila chumvi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imejaa miaka na miezi. Ndoa ambayo haijafikisha miaka 2 hupeleki madai ya talaka bila kwanza kuomba kibali cha mahakama. Mwenzako akikutelekeza, kutelekezwa kwenyewe kunahesabiwa kama ushahidi kukifika angalau miaka 3. Yangu ilikuwa haijafika huko. Kwa hiyo, akasema, tusimame kwenye mengine: ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kuacha familia bila matunzo kwa makusudi. Na akanisahihisha jambo nililokuwa nimelibeba kama jiwe: mahakama haipimi nani ana dhambi kubwa. Inataka kujua kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mwenzako kusema "sikupi talaka" hakumzuii hakimu kuitoa.

Nikapewa kazi ya nyumbani. Daftari, ukurasa kila mwaka, kilichotokea, nani aliona, karatasi gani ipo. Ilinichukua usiku tatu. Kumbukumbu ilipokwama nilitafuta mahali pengine: kadi za kliniki za watoto zina tarehe, ripoti za shule zina tarehe, meseji za M-Pesa zina tarehe mpaka dakika. Niligundua kwamba matumizi ya nyumbani yalikoma kutumwa Machi 2021, na mimi siku zote nilikuwa nasema "mwaka jana mwishoni." Ningeapa mbele ya hakimu kwa tarehe ya uongo, tena bila kukusudia.

Sasa nifike penye jambo lililoniumiza. Nilijua kabisa kwamba mahakamani huendi kabla ya kupita baraza la usuluhishi wa ndoa. Watu wengi wanadhani kikao cha wazee, mshenga na paroko kinatosha. Hakitoshi, hata kama mlikaa mpaka alfajiri. Linatakiwa baraza linalotambuliwa, la kata au la dini, na likishindwa kuwapatanisha linaandika hati inayosema limeshindwa. Yapo matukio ambayo sheria inasamehe, kama mwenzako hajulikani alipo au ameitwa akakataa kwa makusudi kufika, ila mimi sikuwa huko. Na hati ninayo! Nilikwenda barazani Oktoba 2022, wazee wakaandika, wakagonga muhuri. Niliitoa kwenye bahasha ya kaki kwa mbwembwe, nikiamini ndiyo turufu yangu.

Wakili akaangalia tarehe, akahesabu kwa vidole mezani. "Mama, hii imechacha."

Hati ile, siku unapopeleka madai, isiwe imepitisha miezi 6 tangu itolewe. Tulikuwa Julai 2023. Miezi tisa.

Kwa nini nilikaa nayo? Kwa sababu wiki mbili baada ya baraza baba wa watoto alirudi na wajomba wawili na mbuzi. Akaomba radhi mbele ya watoto. Nikaweka bahasha juu ya kabati karibu na pochi ya risiti, tukala Krismasi pamoja, akanisaidia hata kupulizia dawa shambani. Mwishoni mwa Februari zabibu zikavunwa, mnunuzi akalipa fedha taslimu, na wiki hiyohiyo akapanda basi la Singida. Simlaumu mtu aliyejaribu kusamehe, na ningeweza kusamehe tena. Ila ningemwambia mtu wa wakati ule: andika tarehe ya mwisho ya hati kwenye kalenda ya ukutani, kama unavyoandika siku ya marejesho.

Kwa hiyo nilirudi barazani kuanza upya. Aliitwa mara mbili hakuja. Ya tatu akaja na baba yake mdogo. Wazee wakaongea saa tatu kuhusu uvumilivu. Mzee mmoja akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa upole mkubwa, kisha akanilaumu dakika kumi. Hati mpya ilitoka Novemba.

Turudi ofisini kwa wakili, kwenye mali. Nilikwenda na imani ya vijiweni kwamba mali ni nusu kwa nusu, au kwamba kilichoandikwa jina la mume ni cha mume. Yote mawili si kweli. Mahakama inagawa kilichopatikana kwa nguvu za wote wawili ndani ya ndoa, ikiangalia nani alichangia nini kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya familia, na mahitaji ya watoto. Akanitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya Mahakama ya Rufani, 1983, iliyosema kazi za mke za nyumbani ni mchango. Nikafurahi mno. Akaniangalia juu ya miwani: "Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba. Mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo alizitapanya." Nikaacha kutabasamu.

Nyumba ina barua ya toleo, yaani ya kupewa kiwanja, ya mwaka 2013 kutoka CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), jina la mume peke yake. Wenye viwanja vya zamani hapa mjini wanajua: CDA ilivunjwa 2017, mafaili yakahamia Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Watu walikuwa na umiliki wa miaka 33, wakaambiwa wabadilishe wapate wa miaka 99. Wapo waliobadilisha na wapo waliosema kesho. Sikujua sisi tuko upande gani. Hofu yangu ilikuwa auze. Wakili akasema nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenza wakati ndoa ingali hai, lakini sheria haikimbii yenyewe kumshika mnunuzi mkono. Nitafute namba ya kiwanja na kitalu, nijue kama kuna hati iliyosajiliwa. Kama ipo, tunaweka zuio kwa Msajili wa Hati. Nilikuwa nimeishi kwenye kiwanja hicho miaka yote bila kujua namba yake. Ilikuwa imeandikwa kwenye jiwe la mpaka nyuma ya choo.

Shamba la Mpunguzi lina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi wanne. Mmoja ameshafariki. Watatu nikaambiwa niwasalimie mapema.

Risiti nyeupe nilizimwaga mezani kwa aibu. Wakili akazisogeza pembeni, akaniuliza fedha za mabati zilitoka wapi. Nikasema kikoba. "Daftari la kikoba unalo?" Ninalo, lakini niliona ni mambo ya wanawake, sikulileta. Nikampigia mwanangu mkubwa, akaleta na bodaboda. Daftari la jalada la bluu, limekunjamana, lina doa la mafuta ya cherehani. Ndani kuna mihuri ya hisa wiki kwa wiki, na ukurasa wa mikopo: Juni 2016, shilingi 1,200,000, sababu "kuezeka nyumba," saini yangu, za mweka hazina na mwenyekiti. Wakili aliusoma ukurasa ule mara mbili. "Hiki," akasema, "kina thamani kuliko pochi nzima." Na wale kina mama kumi na wanane wapo hai, wanaweza kusimama kusema.

Kisha akauliza kama nina deni lolote. Nikasema sina.

Nilikuwa na laki tisa za kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, marejesho kila Ijumaa, na mtu wa mkopo anajua njia ya kwangu kuliko ndugu zangu. Niliona haya. Nilimwambia kila kitu kuhusu mume wangu, mpaka ya chumbani, lakini deni langu nikalificha. Usiku sikulala. Siku ya pili nikampigia simu. Hakunigombeza. Akasema tu, "Afadhali nisikie kwako kuliko kwa wakili wa upande wa pili, mbele ya hakimu." Akataka kujua fedha zilifanya nini. Ada ya shule na dawa ya zabibu. Hilo, akasema, ni deni la familia kama nitaweza kuonyesha, na akanituma tena kwenye karatasi.

Simu nayo ilinitesa. Nilitaka kumwonyesha meseji za mwenzangu, akaniambia nisifute kitu, za kwake na za kwangu. Za kwangu! Kuna sauti nilizomrekodia usiku wa manane ambazo nisingependa hata dada azisikie. Zimebaki humo mpaka leo. Akaniuliza pia kama baba wa watoto anajua namba yangu ya siri. Anaijua, ni mwaka wa kuzaliwa kifungua mimba wetu. Nikaibadilisha nikiwa palepale.

Kuhusu watoto, tulipita haraka. Wa mwisho alikuwa na miaka 5, na sheria inaanza kwa kudhani mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa, na ustawi wa mtoto uko juu ya yote. Wakubwa wanaweza kuulizwa. Nikakatazwa kuwafundisha la kusema.

Fedha nilishindwa kuuliza mpaka nimesimama. Ushauri wa siku hiyo elfu hamsini, nikapewa risiti (ya EFD, nikatoa kopi njiani). Kusimamia shauri ni bei nyingine, kwa mkataba wa maandishi, kwa awamu. Akaniambia bila kuzungusha kwamba kama sina uwezo wapo watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, hawatozi, na kwamba shauri la ndoa linaweza hata kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Wakili anayekuonyesha mlango wa bure nilimwamini hapohapo.

Nilirudi kwake mwishoni mwa Januari 2024, peke yangu. Krismasi na ada za Januari zilinichelewesha, lakini safari hii nilikuwa nimezungushia siku kwenye kalenda. Hati ya baraza ina miezi miwili na kidogo. Daftari la miaka kumi na mitatu. Kopi kwenye faili, nakala halisi nyumbani kwa dada, ambaye tumeshapatana. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika ninachotaka, mistari minne: watoto wakae kwangu na baba awaone likizo, nyumba isiuzwe mpaka wa mwisho amalize darasa la saba, matunzo kila mwezi, vyerehani vyangu visiguswe. Shamba nililiacha. Nilikuwa nimechoka nalo, na nilidhani kuliacha ni kuonyesha ustaarabu.

Wakili akasoma, akafungua ukurasa wa Februari 2023, ule wa basi la Singida. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mavuno ya mwaka huu yanaanza lini?"

"Katikati ya Februari. Ya pili ni Agosti."

"Na mnunuzi humlipa nani?"

Nikamtajia.

Akatazama kalenda, akavuta karatasi nyeupe. "Basi tuna wiki tatu," akasema, na kuanza kuandika.